Je, Tumsomeshe Mgonjwa?

Kuna swali linaloulizwa katika nyumba zetu hapa Bahi, lakini haliulizwi kanisani. Huulizwa jioni, wakubwa wakiwa wamebaki peke yao uani: mtoto huyu ambaye kila baada ya miezi miwili analazwa hospitali, kweli tuuze ng'ombe ili aende chuo? Anayeuliza si mtu mbaya. Mara nyingi ni baba mkubwa au mjomba ambaye amechangia nauli za hospitali tangu mtoto akiwa mchanga, na ana watoto wengine wanaosubiri zamu yao. Mvua zetu tunazijua. Ukame ukipita zizi linabaki na ng'ombe wachache, na aliyeuzwa mnadani harudi. Sisi wachungaji tukiitwa kwenye vikao vya namna hii tunapenda kukimbilia sala ya kufunga kikao. Hapa tungependa kukaa na swali lenyewe, kwa sababu ni swali la imani kabla halijawa swali la fedha.

Vijana wetu wanabeba magonjwa mengi ya kudumu wanapokwenda chuo: kisukari cha kujichoma sindano kila siku, kifafa, pumu, virusi vya UKIMWI. Tutakaa zaidi na selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli, kwa kuwa ndiyo inayolileta swali hili kwa ukali wote. Inakadiriwa kwamba Tanzania peke yake watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Jina lenyewe limetokana na mundu, chombo tunachokijua vizuri sisi tunaovuna mpunga katika mbuga ya Bahi. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo na laini, hupita hata kwenye mshipa mwembamba. Ya mwenye selimundu ikikosa hewa hujikunja kama mundu, ikawa ngumu, ikakwama, na wenzake wakakwama nyuma yake. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, kwenye mifupa, kifuani, tumboni. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Hiyo iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu ya mgonjwa huyu haitoshi siku zote. Hauambukizwi, na hakuna aliyeutuma. Mtoto hurithi sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama, nao wazazi wenyewe mara nyingi ni wazima kabisa, hawajui kuwa wanabeba chochote mpaka mtoto anapoanza kuvimba vidole vya mikono na miguu.

Sasa mpeleke huyo kijana chuo. Dodoma imekuwa mji wa vyuo: UDOM na Mtakatifu Yohana vilianza mwaka 2007, kuna Chuo cha Mipango, kuna CBE, na kutoka kwetu ni mwendo wa saa moja hivi kwa basi. Mambo ambayo mwanafunzi mzima hayaoni ndiyo yanayomwangusha mwenye selimundu. Baridi ya alfajiri ya Juni na Julai, na upepo ule wetu usiokoma. Kiu. Foleni ya usajili juani. Mwendo wa kupanda kilima kutoka bwenini hadi darasani. Kitanda cha juu. Daktari amemwambia anywe maji mengi mchana kutwa, kwa hiyo anatoka nje ya ukumbi mara mbili katika kipindi kimoja, na mhadhiri anaona ni dharau. Wenzake wanajisifu kwa kupiga msuli usiku kucha wiki ya mitihani. Yeye akikesha siku mbili mfululizo, ya tatu yuko wodini. Kisha aanze kuzunguka na makaratasi ya hospitali ofisi hii na ile ili aruhusiwe mtihani maalumu, na akichelewa siku chache anahesabiwa hakufanya. Sapu anazijua kuliko wanaozipata kwa uvivu.

Binti mmoja wa usharika wetu alituambia kwamba maumivu ameyazoea, kama mtu anavyoweza kuzoea jambo la namna hiyo. Asichokizoea ni neno moja: "Tena?" Jana alikuwa kantini anacheka na wenzake, leo hawezi kusimama, na msichana wa kitanda cha jirani anauliza, "Tena?" Hana kidonda cha kuonyesha wala gongo la kutembelea. Anaonekana mzima, na hiyo ni kesi ya kujibu kila wiki.

Ni katika kikao cha ukoo wa binti kama huyo ndipo tuliposikia swali letu likiulizwa waziwazi. "Mchungaji," mjomba alisema, "mimi simchukii mpwa wangu. Lakini ungekuwa wewe, una debe moja la mbegu, ungeimwaga juu ya mwamba?" Watu walinyamaza. Ni hoja ya mkulima, na mkulima wa nchi kame ana haki ya kuitoa. Lakini mzee huyu, bila kukusudia, alikuwa ameingia katika mfano wa Bwana mwenyewe. Mpanzi wa Mathayo 13 alitupa mbegu njiani, akatupa kwenye mwamba, akatupa kwenye miiba. Mkulima yeyote wa Kigwe angemwona ovyo. Bwana hakumwita mpumbavu. Alimfanya kuwa mfano. Hatukusema hayo siku ile ili kumshinda mzee kwa maneno, maana kumshinda mtu kwa Maandiko mbele ya shemeji zake si kumsaidia. Lakini tangu hapo tumekuwa tukijiuliza ni kipimo gani tunachokitumia tunapomtazama mtoto na kusema huyu ni udongo, yule ni mwamba.

Hebu tuitazame habari moja ya zamani. Mwaka 1904 kijana mmoja mweusi wa kisiwa cha Grenada, kule Karibi, jina lake Walter Clement Noel, alipanda meli kwenda Marekani kusomea utabibu wa meno mjini Chicago. Mwishoni mwa mwaka huohuo alilazwa katika hospitali ya Wapresbiteri ya mji huo, akikohoa na kuishiwa nguvu. Daktari kijana aliyekuwa zamu, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe ambazo hakuwahi kuziona, ndefu na zilizopinda. Mkubwa wake, James Herrick, aliandika habari hiyo mwaka 1910, nayo ndiyo taarifa ya kwanza ya selimundu katika majarida ya madaktari wa nchi za Magharibi. Jina la mgonjwa halikutajwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuandikwa katika vitabu vyao alikuwa mwanafunzi wa chuo. Alikuwa mbali na kwao, katika mji wa baridi kali, na akaendelea kuingia na kutoka hospitali kwa zaidi ya miaka miwili. Hakukuwa na penisilini wala dawa yoyote ya ugonjwa wake. Hata jina haukuwa nalo. Mwaka 1907 alimaliza masomo, akarudi Grenada, akafungua kazi ya meno katika mji wa St. George's. Mwaka 1916 alikufa kwa nimonia. Alikuwa na miaka 32.

Je, familia yake ilipoteza fedha? Kwa hesabu ya kawaida tunaweza kujibu kwamba hapana, maana alitibu watu kwa miaka tisa, na aliyeumwa jino usiku kucha anajua thamani ya asubuhi moja ya daktari wa namna hiyo. Jibu hilo ni zuri, na tunaweza kuliongezea mengine. Mwaka 2004 serikali yetu ilipoanza kutoa ARV bure, wako watoto waliokuwa wameandikiwa kifo ambao leo ni walimu na wauguzi. Kwa selimundu nayo, dawa ya haidroksiurea imeonyesha kuwa inapunguza maumivu na vifo. Matokeo ya mwaka 2019 yaliyowahusu watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda yaliwapa madaktari wengi wa Afrika ujasiri wa kuitumia. Pale Dodoma penyewe, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu, ingawa bado ni wachache. Anayesema kwa uhakika kwamba mtoto huyu hatafika mbali anasema kwa hesabu za zamani.

Lakini hatutaki kuegemea hapo. Tukiegemea hapo tumekubali kipimo cha mjomba, tumebishana naye juu ya tarakimu tu. Je, kama Noel angekufa mwaka 1906, mwaka wa pili wa masomo, kabla hajang'oa jino hata moja la mtu wa kwao? Hapo ndipo swali linapouma.

Sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Mama anapomleta mtoto kwenye kisima cha ubatizo, hakuna mchungaji anayemuuliza daktari amesema ataishi miaka mingapi. Tunalitaja jina lake lote, tunamwaga maji, na usharika mzima unaahidi kumlea. Miaka kadhaa baadaye anaingia darasa la kipaimara. Anafundishwa Katekisimu, anakariri Amri, na akilazwa tunampelekea daftari lake wodini. Hatujasikia mzee wa kanisa hata mmoja akiuliza faida ya kumfundisha kipaimara mtoto mwenye selimundu. Hata bila kujua neno la kitheolojia tunakubali wote kwamba nafsi inayojifunza mbele za Mungu ina heshima yake leo. Inakuwaje basi mtoto huyohuyo akifika umri wa chuo heshima hiyo igeuke kuwa mkopo unaosubiri marejesho?

Luther aliliita hili wito. Fundi viatu ana wito, mama anayeosha nepi ana wito, na kijana aliyekaa mbele ya kitabu ana wito wake wa leo. Hakai kwenye chumba cha kusubiria wito. Ni kweli Luther mwenyewe, alipowahimiza wazazi kupeleka watoto shule, alitaja sana faida kwa mji na kwa kanisa, na hatukatai faida. Lakini hatukupewa kujua ni nani atakayeishi hadi kuivuna. Ng'ombe huuzwa pia kwa ajili ya watoto wazima, na barabara ya Singida imetuletea majeneza ya wahitimu ambao hawakuwahi kuugua hata malaria.

Kuna jambo jingine, na hili lilianzia Afrika Mashariki yetu. Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kupima damu za watu wa pwani, wa nyanda za juu na wa kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba mtu aliyerithi sehemu moja tu ya selimundu, bila kuwa mgonjwa, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana sehemu hiyo haikutoweka katika nchi za mbu. Iliwaokoa watoto wengi, vizazi kwa vizazi. Anayeugua ni yule aliyeipata pande zote mbili.

Fikirini maana yake ndani ya nyumba moja. Wapo wazazi wazima na watoto wazima ambao walivuka malaria ya utotoni kwa sababu ya kile kilekile kinachomtesa ndugu yao. Afya yao na maumivu yake vimetoka chungu kimoja. Tunatahadhari hapa: hatusemi Mungu alimtenga mtoto huyu awe kafara kwa ajili ya wengine. Kafara imekwisha kutolewa mara moja pale msalabani, na hakuna mtoto wa Bahi anayetakiwa kuirudia. Tunasema tu kwamba ukoo unapokaa kuamua ng'ombe auzwe kwa ajili ya nani, ukumbuke deni hilo. Wanafunzi walipomuuliza Yesu nani alitenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, aliwakatalia jibu la mzazi na jibu la mtoto pia. Tunawasihi kina baba waliozoea kusema ugonjwa umetoka upande wa mama: damu imejibu kwamba umetoka pande zote mbili.

Wengine watasema, tumwombee apone, ndipo aende chuo. Tumwombee, naam, na tuzidi kumwombea. Lakini hayo maneno ya "ndipo" tunayaogopa. Tumeona vijana waliokaa nyumbani mwaka mzima wakingoja muujiza, wakazunguka mikutano ya maombezi, na wengine wakaambiwa waache dawa ili waonyeshe imani. Mwenye kisukari cha sindano akiacha sindano siku chache tu anaweza kufa. Hilo si suala la maoni. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliandika kwamba mtu anayedharau dawa aliyopewa na Mungu anamjaribu Mungu. Naye hakuwa mtu mzima anayewahubiri wagonjwa. Alisumbuliwa na kizunguzungu, na mvumo wa masikio, na mawe ya figo yaliyokaribia kumuua mwaka 1537, na katika hali hiyo aliendelea kufundisha chuoni kwa miaka mingine.

Paulo naye alikuwa na mwanafunzi mgonjwa. Timotheo tunamjua kama askofu kijana, tunasahau kwamba 1 Timotheo 5:23 inamtaja kuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, mwenye shida ya tumbo. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, hakumwambia Timotheo aache kazi mpaka apone, wala hakumlaumu kwa imani haba. Alimpa ushauri wa tiba, atumie divai kidogo. (Sisi wa Dodoma, mkoa wa zabibu, tumeukariri mstari huu kuliko mingine yote ya waraka huo, na si kwa ajili ya tumbo.) Na Trofimo je? Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, akaendelea na safari, na Biblia haikuona haya kuliandika.

Hilo la Trofimo linatukumbusha upande wa pili, maana kuna ukatili pia katika kumfanya mgonjwa shujaa. Tunamsimamisha siku ya vijana atoe ushuhuda, tunapiga makofi, kisha anaona haya kutuambia kwamba muhula huu ameshindwa. Kuahirisha masomo mwaka mmoja si kurudi nyuma kiimani. Wako ambao mwili utawakatalia kabisa, na watarudi nyumbani bila cheti. Wakirudi wasikute ng'ombe wanahesabiwa mbele yao.

Kuhusu kuuambia uongozi wa chuo, wazazi wengi hushauri kuficha, wakiogopa mtoto atakataliwa. Tunauelewa woga huo. Hata hivyo aliyeficha hawezi kupewa kitanda cha chini, wala mtihani maalumu, na siku akianguka bwenini hakuna anayejua la kumwambia daktari. Angalau mtu mmoja ofisini na mmoja chumbani wajue. Mwanafunzi mwenyewe ndiye achague ni nani. Si mchungaji wa kulitangaza wakati wa matangazo, jambo ambalo tumelisikia likifanyika mahali fulani kwa nia njema kabisa.

Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ni fedha ambayo usharika wetu mdogo unaweza kuipata katika mnada wa sadaka ya mavuno. Hoja hiyo ilipoletwa mbele ya baraza la wazee haikupita kwa urahisi. Mzee mmoja alisimama akauliza: na mjukuu wangu ambaye ni mzima, aliyekosa ada, yeye atalipiwa na nani? Hakuna aliyemjibu vizuri. Hoja ilipita kwa tofauti ya kura mbili, kwa mwaka mmoja tu, na yeye alipiga kura ya kukataa. Mwezi uliofuata tulitangaza siku ya kuchangia damu, kwa kuwa mwenye selimundu huongezewa damu mara kwa mara na benki ya damu haijai yenyewe. Mzee huyo alifika wa kwanza. Wauguzi wakamwambia umri wake umepita. Akarudi nyumbani, na kabla ya saa sita akawaleta wanawe wawili.